Nimelala chini ya Datsun 240Z ya Nyali, na milioni 6.8 sikuiona

Mpwa wangu yuko Doha, mwaka wa tisa sasa. Mwezi uliopita alinipigia simu baada ya isha, shikamoo yenyewe akaimeza nusu. "Mjomba, nimeipata. Iko Nyali. Nenda kaitazame kabla haijachukuliwa." Alichokipata ni Datsun 240Z ya mwaka 1972, milango miwili, usukani wa kulia, nyekundu yenye boneti nyeusi. Tangazo lilisema "imefufuliwa yote, ya Safari". Bei: shilingi milioni 6.8.

Nilimwambia asitume hata shilingi ya kushikia nafasi. Mimi ni fundi wa bodi, nimekunja na kuchomelea mabati Shimanzi, hapa Mombasa, tangu 1993, na najua gari hili linaozea wapi. Haya ninayaandika kwa sababu si yeye peke yake aliyeniuliza. Watu watatu wengine wameniletea tangazo lile lile kwenye simu, na mmoja wao alikuwa tayari kuuza kiwanja.

Mwenye gari ni daktari mstaafu, umri umepita sabini, mtu mpole. Alikuwa amelitoa kwenye banda na kulisimamisha chini ya mwembe, limepanguswa mpaka majani ya mwembe yanaonekana kwenye boneti. Nitasema kweli, nilisimama hatua kumi nikalitazama tu. Pua ndefu, taa zimezama ndani ya mashimo yake, paa linaanguka taratibu mpaka mkiani. Gari hilo lilitoka Japani mwishoni mwa 1969, na Marekani liliuzwa kwa dola 3,526 likiwa jipya. Pesa hizo zilikuwa za kawaida, kwa umbo ambalo hadi leo mtoto wa shule akipita atageuza shingo.

Kwetu lina uzito mwingine. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mbio za magari za East African Safari kwa 240Z, na ya pili nyuma yao ilikuwa 240Z vilevile, ya Shekhar Mehta na Mike Doughty. Mwaka 1973 Mehta akarudi na Lofty Drews, wakamaliza sawa kwa pointi na Harry Källström aliyekuwa na Datsun 1800 SSS, ushindi wakapewa wao. Marehemu baba alikuwa dereva wa lori, na alizifuata Safari zile kwa redio. Jina la Mehta alilitaja mezani kama mtu anavyotaja jirani yake. Kwa hiyo ninaelewa kwa nini neno "Safari" kwenye tangazo linapandisha bei. Ndiyo maana nilianza nalo.

"Daktari," nikamwuliza, "hili la Safari lina karatasi?"

Akasema alilinunua 1986, na aliyemwuzia alimweleza kuwa lilitumiwa na timu kufanyia mazoezi ya njia. Karatasi hakuna. Picha hakuna. Nilitafuta alama: mahali palipoongezewa chuma chini ya sakafu, matundu ya taa za ziada yaliyozibwa, mabano ya sahani ya kukinga injini. Sikuona hata moja. Nilipochungulia nyuma ya dashibodi na chini ya zulia la nyuma nikakuta rangi ya kiwandani, nayo ni nyeupe. Yale mekundu yenye boneti nyeusi yalikuwa magari ya timu, na hili limevikwa nguo zao juzi tu. Simlaumu daktari, naye aliambiwa na mtu aliyemwamini. Lakini hadithi isiyo na karatasi haina shilingi ndani yake, na anayelinunua leo hataweza kumwuzia mwingine hadithi hiyo kesho.

Hesabu ya namba, kwa upande mwingine, ilinifurahisha. Namba ya chesisi imegongwa kwenye ukuta ulio kati ya injini na dereva, inaanza na HS30. Hizo ndizo 240Z zilizotengenezwa kwa usukani wa kulia, kwa maana zile za Marekani ni HLS30. Kibati cha chumba cha injini kina namba ya injini, na kwenye mwili wa injini imegongwa hiyo hiyo. Logbuku inakubaliana na zote. Mashine imezaliwa na gari lake. Kitu hicho kina bei, na ni bei ya kweli.

Injini nayo nimeipenda. L24 ni silinda sita, sentimita za ujazo 2,393, na fundi yeyote wa zamani aliyefungua Datsun 1600 anaijua bila kufundishwa: upana wa silinda ni ule ule wa milimita 83, mwendo wa pistoni ni ule ule wa 73.7, ila zimeongezwa silinda mbili. Nilikwenda na kijana wangu wa injini. Akatoa plagi zote sita, akapima mgandamizo: ya chini paundi 164, ya juu 172. Hiyo ni injini iliyofanywa na mtu mwenye mikono. Kabureta zile mbili za Hitachi zinavuta hewa kidogo kwenye vyuma vya kati, kwa hiyo likiwa limesimama mngurumo unapanda na kushuka, jambo la kurekebisha kwa siku mbili na pesa za wastani.

Baadaye tuliliendesha. Daktari alikaa kando yangu, tukatoka Links Road, tukashika njia ya Malindi hadi Mtwapa na kurudi. Gia tano zinaingia bila kugombana. Kwenye gia ya tatu, mguu ukizama, sauti inabadilika kutoka kuguna hadi kuimba, na gari lenye uzito wa kama tani moja tu linakusukuma mgongo kwenye kiti. Kila nilipoondoka kwa gia ya kwanza nilisikia kishindo kimoja nyuma, du! Hiyo ni raba inayoshika difu imechoka, ugonjwa wa magari haya tangu ujana wao. Na tulipofika darajani nikaanza kunusa moshi wa ekzosi ndani. Hilo nalo linajulikana: upepo unaolizunguka gari unaurudisha moshi ndani kupitia raba za mlango wa nyuma na raba za taa za nyuma. Maana yake raba zilizowekwa hazikukaa sawa. Daktari aliniambia huwa anafungua vioo. Nikamwomba asimbebe mjukuu wake humo hadi zibadilishwe.

Sasa bodi.

Gari hili lilitengenezwa kwa bati jembamba, likiwa na mifuko mingi ambamo maji yanaingia na hayatoki. Ukiliweka Nairobi litaoza polepole. Ukiliweka Nyali, mita mia nne kutoka baharini, kusi ikileta unyevu wa chumvi miezi mitano mfululizo, linaoza usiku na mchana hata kama hujaligusa. Daktari ameishi nalo hapo miaka mingi. Kwa hiyo swali langu halikuwa kama lilipata kutu. Lilipata, hapana budi. Swali ni aliyelifufua aliiondoa kutu au aliifunika.

Nina sumaku ndogo niliyoifunga kitambaa laini ili isichubue rangi, nina kipimo cha unene wa rangi, na nina kifundo cha kidole changu ambacho nakiamini kuliko vyote viwili. Juu ya paa kipimo kilisoma mikroni 180, milango 210, boneti 190. Hiyo ni rangi mpya juu ya bati safi, na imepigwa vizuri kabisa, haina chozi wala ganda la chungwa. Nikashuka. Kwenye ile pembe iliyo mbele ya gurudumu la nyuma, chini ya kitasa cha mlango, kipimo kikapanda hadi 1,400. Upande wa pili kikakataa kusoma kabisa. Sumaku ikateleza ikaanguka kwenye nyasi. Nikagonga: to, to, to, sauti ya ukuta wa udongo. Kizingiti cha mlango wa kushoto, kutoka nusu kwenda nyuma, chote ni filla, ule udongo wa kujazia na kulainishia bati kabla ya rangi.

Nikatandika kadibodi nikalala chini. Kwenye magari haya kuna mihimili miwili inayopita chini ya sakafu, mmoja kila upande, ndiyo uti wa mgongo wa mbele. Wa kulia ni mzima, umepakwa lami lakini ni mzima. Wa kushoto umevikwa bati jipya juu ya bati bovu, na bati hilo halikuchomelewa, limepigwa ribiti na kupakwa lami nzito ili vichwa vya ribiti visionekane. Nilivihesabu kwa kidole: kumi na tisa. Ribiti zinafaa kwenye sanduku la mabati la mwanafunzi wa bweni, si kwenye mhimili unaobeba mguu wa gari linalokimbia kilomita 160 kwa saa. Chini ya sahani ya betri, mahali pa kwanza fundi mwaminifu angepakata, kuna tundu la kupitisha kidole gumba, limezibwa kwa gundi ya silikoni na kupuliziwa rangi.

Haki nayo isemwe: shimo la tairi la spea ni safi, ukuta wa nyuma ni safi, mashimo ya taa za mbele yamefanywa upya kwa bati na weldi nzuri. Kwa jinsi nilivyoliona, gari hili lilipita mikononi mwa mafundi wawili tofauti, mmoja akijua kazi yake na mwingine akikimbizana na siku ya kulikabidhi.

Daktari alikuwa na faili. Watu wengi wanaouza magari yaliyofufuliwa hawana hata hilo, na nilimsifu. Kazi ilifanyika kwenye gereji moja ya Nairobi kati ya 2018 na 2021, na risiti zote zikijumlishwa zinafika shilingi milioni 3.94. Ndani yake mna "sakafu mpya kushoto na kulia", "vizingiti viwili vipya" na "mhimili mpya wa kushoto". Vimelipiwa vyote. Nikauliza kama walimtumia picha za kazi ikiendelea. Alizo nazo ni za gari likiwa limemaliza kupakwa rangi, linang'aa, na mafundi wamesimama kando wakitabasamu. Gari likiwa uchi, hakuna picha hata moja.

Nisikilizeni hapa, ninyi mnaotaka kununua. Risiti inaonyesha pesa iliyotoka. Kazi iliyofanyika inaonyeshwa na picha ya bati likiwa wazi, kabla ya rangi, kukiwa na kitu ndani ya picha kinachothibitisha ni gari hilo hilo. Unapolipia gari lililofufuliwa, sehemu kubwa ya pesa yako inalipia vitu usivyoweza kuviona. Kama muuzaji hawezi kukuonyesha, basi bei ihesabiwe kana kwamba havikufanyika, mpaka sumaku iseme vingine.

Hesabu ya bei nilimfanyia mpwa wangu hivi. Daktari alipata 6.8 kwa kutazama bei za ng'ambo, na kwa kujiambia kwamba hapa hakuna nyingine. Hilo la pili lina ukweli: Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo hizi zilizobaki ndizo zilizobaki. Lakini wanunuzi nao ni wachache. Wanaoweza kutoa pesa hiyo kwa gari la kutembelea Jumapili, na kumlipa fundi kila mwaka, wengi wao utawaona siku moja pale Ngong Racecourse, Nairobi, kwenye Concours d'Elegance, yale mashindano ya magari yaliyotunzwa, wakilala kifudifudi kuchungulia chini ya magari ya wenzao. Watu hao wataziona ribiti kumi na tisa kabla ya chai.

Na bei za ng'ambo zisomwe vizuri. Mwaka 2020 huko Marekani 240Z ya 1971 iliuzwa mnadani kwa dola 310,000, na habari hiyo imeharibu vichwa vya wauzaji dunia nzima. Gari lile lilikuwa limetembea maili elfu ishirini na kitu tu, limetunzwa lilivyotoka kiwandani. Wanaoitaja wanasahau upande wa pili: miaka ya 1990 Nissan yenyewe ilizinunua 240Z chache huko huko Marekani, ikazifufua na kuziuza kwa karibu dola 25,000 kila moja, na mpango ule haukudumu. Kufufua gari kiungwana kunakula pesa nyingi kuliko watu wanavyodhani, hata kwa aliyelizaa. Kwa hiyo anayekuuzia lililofufuliwa "lote" kwa bei ya kuvutia, na anayekuuzia kwa bei ya juu kwa sababu ya rekodi ya mnada, wote wawili waombe wakuonyeshe chini.

HS30 yenye injini yake, bodi ya chuma kitupu na picha za kazi, mimi hapa Mombasa ningeipa milioni 5.5. Hilo ni kadirio langu, mwingine atasema tano, mwingine sita. Kisha unatoa. Mabati ya vizingiti, pembe mbili na mhimili, yakiagizwa nje na kulipiwa usafiri na ushuru, sioni yakishuka chini ya 380,000. Kazi ya kukata na kuchomelea ni wiki sita za fundi anayejiheshimu na msaidizi wake, 450,000. Na kwa kuwa huwezi kupaka rangi nusu ya chini ikafanana na nusu ya juu, lazima ivuliwe yote, 600,000, na hapo ndipo ningelirudishia weupe wake. Raba zote, difu, kabureta, saa ya dashibodi iliyokufa, na ile dashibodi yenyewe ambayo imevikwa kifuniko cha plastiki kuficha nyufa: 220,000. Matairi yanaonekana mapya, lakini yameandikwa 3519, yaani wiki ya 35 ya mwaka 2019, kwa hiyo ni mengine manne, 60,000. Jumla milioni 1.71. Inabaki milioni 3.79. Nilimwambia mpwa wangu: ukifika 3.9 kwa kumheshimu mzee, sawa. Ukipita 4.2 usiniambie.

Kilichokuwa kigumu ni kumwambia daktari. Nilimwomba aje achungulie mwenyewe. Magoti yake hayamruhusu kulala chini, basi kijana wangu akaingia na simu, akapiga video huku akizimulika ribiti moja moja, na daktari akaitazama akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe. Hakubishana. Aliirudia video mara mbili. Kisha akasema, "Fundi, mimi nimefanya upasuaji miaka thelathini na minne. Sikuwahi kushona kidonda kikiwa na usaha ndani." Akanyamaza muda mrefu. Mkewe alituletea kahawa na kashata, na hakuna aliyezungumzia bei tena siku ile.

Siku nne baadaye akanipigia. Haliuzi kwa sasa. Anataka lifanywe kwanza, na akaniomba nilifanye mimi. Nilikataa, na nilimweleza sababu: mimi ndiye niliyelishusha bei, na haifai mdomo uliosema ni bovu uwe ndio mkono unaolipwa kulitengeneza. Nilimtajia fundi mwingine wa Changamwe, mtu ambaye weldi yake naifahamu, nikamtaka daktari adai picha kila Ijumaa kabla ya kutoa malipo. Mpwa wangu amekubali kungoja. Wamepatana kwa mdomo: likikamilika na picha zikiwepo, milioni 5.4.

Picha ya kwanza imeniingilia kwenye simu Ijumaa iliyopita. Kizingiti cha kushoto kimekatwa wazi. Ndani mna wavu wa kuku, filla ngumu kama zege, na nyuma yake gazeti lililokunjwa kunjwa. Fundi wa Changamwe alilinyoosha kwenye meza akalipiga picha peke yake. Ni la Machi 2019.